Matunda ya njano kwenye mnyororo: kisa cha choya chotara wa Kelvin, Arizona

Katika jangwa la Sonora, linaloshika Marekani na Mexico, kuna choya, aina ya dungusi la miiba mikali, ambayo matunda yake huning'inia kwa minyororo, moja limeota kwenye jingine, na matunda hayo ni ya kijani. Kuna choya ya pili ambayo matunda yake ni ya njano, yamejaa vinundu, na kila tunda hukaa kivyake kwenye ncha ya tawi. Mmea wa kisa hiki ulikuwa na matunda ya njano yenye vinundu, tena yamening'inia kwa minyororo mifupi. Anayeijua choya moja tu kati ya hizo angeupita bila kugeuka. Anayezijua zote mbili hana budi kusimama.

Aliyesimama ni kijana wetu mmoja wa Tanga, dereva wa lori, ambaye kazi humpitisha Kaunti ya Pinal katika jimbo la Arizona. Nilikuwa nimemsomesha habari za choya kuliko alivyopenda. Akanitumia picha, kisha akapiga simu.

"Shikamoo mwalimu. Hili dungusi lako la mnyororo limeiva au linaumwa? Mbona matunda ya njano?"

"Marahaba baba. Uko wapi hasa? Na usiliguse."

"Barabara ya Kelvin. Na nimeshaligusa, mwalimu, kipande kimeng'ang'ania kiatu. Nilipita tu karibu."

Kipande kile kwenye kiatu kilikuwa ushahidi wa kwanza, na kwa maoni yangu kilikuwa na thamani kuliko ile picha. Nitaeleza sababu.

Kwanza mahali penyewe. Barabara hiyo inatoka mji wa Florence kuelekea mashariki, sehemu kubwa ikiwa ya vumbi, hadi Kelvin, kitongoji cha reli na shaba kwenye ukingo wa Mto Gila. Mgodi wa wazi wa Ray uko jirani. Msomaji asifikirie vilima vya mchanga mtupu kama vya sinema. Jangwa la Sonora hupata mvua misimu miwili, ya baridi na ya majira ya joto, kama sisi tulivyozoea vuli na masika, ila mvua zenyewe ni chache. Kwa hiyo kuna miti: saguaro, madungusi makubwa yaliyosimama kama nguzo, vichaka vya mgunga wa kila aina, na ndugu wa karibu wa ule mti ambao watu wa Baringo wanaujua kwa jina la mathenge. Na kuna choya, spishi kadhaa katika eneo moja, mara nyingi bega kwa bega. Hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu.

Choya ni jamaa wa mpungate, yale madungusi ya pingili bapa yaliyovamia Laikipia. Tofauti ni kwamba pingili za choya ni za mviringo, na mwiba wake umevikwa ala nyembamba kama karatasi inayotoka ukiivuta. Wataalamu wamezitenga katika jenasi yake, yaani kundi la spishi ndugu, liitwalo Cylindropuntia. Ncha ya mwiba ina vibanzi vidogo sana vilivyoelekea nyuma, havionekani bila hadubini, kwa hiyo huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Kwa baadhi ya spishi, mahali pingili inapoungana na tawi ni dhaifu sana. Mnyama akipita, au dereva wa lori, pingili inaondoka naye. Inapoanguka hutoa mizizi kwenye vijicho vya miiba vinavyogusa udongo, na mmea mwingine unaanza, uleule. Wenyeji wa huko hubeba chanuo: unapenyeza meno yake kati ya pingili na ngozi, unairusha pembeni. Kidole hakifanyi kazi hiyo. Ukitumia kidole utakuwa na matatizo mawili.

Sasa, kutambua. Picha ilionyesha kichaka kirefu kuliko mtu, shina moja fupi, matawi yamefunguka juu. Watuhumiwa wa kwanza waliondoka haraka. Cylindropuntia acanthocarpa ina matunda yanayokauka na kuwa kahawia yakiwa na miiba juu yake. Matunda ya mmea wetu yalikuwa na nyama na hayakuwa na miiba. Cylindropuntia leptocaulis ina matawi membamba kama penseli na matunda madogo mekundu. Cylindropuntia bigelovii ina matunda ya njano kweli, lakini miiba yake imesongamana hadi ngozi ya mmea haionekani, na kwa mbali huonekana kama ina manyoya. Ya kwetu ngozi yake ilionekana wazi kati ya miiba.

Aliyenisumbua zaidi ni Cylindropuntia versicolor. Hii hubeba matunda kwa muda mrefu, na mara nyingine tunda huota juu ya tunda hata kupata mnyororo mfupi. Mtu akiona mnyororo mfupi katika Arizona ya kusini na kati, versicolor lazima aiweke mezani. Lakini pingili zake ni ndefu na nyembamba, nundu zake, vile vivimbe vya tawi vinavyobeba miiba, zimerefuka na kulala kwenye tawi, na matunda yake ni ya kijani yenye kuingiwa na wekundu au zambarau. Tena haiachii pingili kirahisi. Hapo kiatu cha kijana kikasema.

Wakabaki wawili. Mmoja ni Cylindropuntia fulgida, choya ya mnyororo yenyewe, ambayo George Engelmann aliipa jina mwaka 1856. Huyu Engelmann alikuwa daktari wa St. Louis aliyetibu wagonjwa na kutambua madungusi ya nchi ambayo hakuwa ameiona. Mwaka 1846 kikosi cha jenerali Kearny wa jeshi la Marekani kilifuata Mto Gila kuelekea California, na ofisa wake wa upimaji, Emory, alirudi na michoro. Baadhi ya madungusi Engelmann aliyatambua kwa kutazama michoro hiyo tu. Anayelalamika kwamba ametumiwa picha mbaya ya simu na amkumbuke.

Mwingine ni Cylindropuntia spinosior, choya ya fimbo. Naiita hivyo kwa sababu mifupa ya matawi yake makavu, yenye matundu matundu, hutengenezwa fimbo za kutembelea.

Mtu asiyezoea ataona zote mbili ni vichaka vya miiba basi. Ukikaribia, tofauti zinajipanga. Fulgida ina nundu pana, za mviringo, na moja hufika karibu sentimita 2 kwa urefu. Miiba yake ina ala zilizolegea, za rangi ya majani makavu, ndiyo maana jua likiwa chini mmea mzima hung'aa. Maua yake ni madogo, ya waridi, na hufunguka alasiri. Msimu wake mkuu ni majira ya joto. Tunda lake ni la kijani, laini, halina miiba, na haling'oki: mwaka unaofuata ua jipya linachipuka kwenye tunda la zamani, likawa tunda, na likabeba jingine. Minyororo mirefu imekusanya miaka mingi ya maua.

Spinosior ina nundu fupi, nyembamba, zilizobanana. Ukiangalia tawi kutoka ubavuni unaona safu zake zimepangika kwa nidhamu. Miiba ni mifupi, ya kijivu yenye waridi kidogo, inaingiliana na ya jirani. Maua ni makubwa zaidi na rangi zake hubadilika sana, zambarau, nyekundu, shaba, hata njano na nyeupe, na msimu wake ni kuanzia Aprili hadi Juni. Tunda ni la njano ya limau, limechongoka vinundu vilivyo wazi kabisa, na huvumilia hadi majira ya baridi yapite. Pingili zake zimeshikana. Ukitaka moja uje na kisu.

Baadaye tulikwenda wawili, na kisu, koleo, rula, lenzi ya mkono, gazeti la zamani, na viatu vizito zaidi kwa yule aliyekwisha kufunzwa. Jambo la kwanza tulilofanya halikuhusu ule mmea. Tuliwatafuta wazazi. Chotara haanguki kutoka mbinguni. Kama unadhani mmea ni wa fulgida na spinosior, basi mahali hapo au karibu nyuki lazima awe na uwezo wa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Fulgida ilikuwa imejaa kwenye tambarare. Spinosior tuliipata tulipopanda kidogo kwenye miteremko ya changarawe, chache lakini za wazi. Misimu ya maua hukutana mwishoni mwa majira ya machipuko ya huko, kwa hiyo nyuki wa jenasi Diadasia, ambao baadhi yao hutegemea sana maua ya madungusi, wana wiki kadhaa za kuchanganya chavua.

Kisha tukaurudia mmea. Tulipima nundu za pingili za mwaka uliopita tu, kwa sababu pingili changa huwa zimevimba na za zamani huwa zimekunjamana, na mtu akipima zote kwa pamoja atapata namba anayoitaka. Zilikuwa kati: pana kuliko za spinosior, fupi kuliko za fulgida zilizokuwa hatua chache kutoka hapo. Ala za miiba hazikulegea kama za fulgida. Pingili zilitoka kwa koleo bila ubishi, ingawa si kwa kuguswa tu na upepo kama watu wanavyopenda kutia chumvi juu ya choya.

Tunda ndilo lilikuwa la kukaa nalo. Minyororo ilikuwa mifupi, matunda machache tu kila mmoja, na tunda la chini kabisa lilikuwa bado bichi. Rangi yake ilikuwa njano iliyochanganyika na kijani kwenye shingo, inapoungana na tunda lililotangulia. Vinundu vilikuwepo, ila vya kina kifupi kuliko vya spinosior, kana kwamba mtu alianza kuvisawazisha akaacha. Kwenye ubavu wa tunda la zamani, kwenye kijicho kimoja cha miiba, kulikuwa na kovu mahali ua lilipotoka. Nilikata mawili kwa urefu. Ndani kulikuwa na ute wa kijani hafifu na mbegu chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa maganda bapa, meupe, ukizibana kati ya kucha zinapasuka bila kitu ndani.

"Kwa hiyo ni tasa," kijana akasema.

"Karibu na hapo. Lakini fulgida nayo mara nyingi ni tasa, kwa hiyo usikimbilie."

Nilimzuia kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaojifunza wenyewe hukata kona. Wanaona mmea una sura ya kati, wana ushahidi wa utasa, wanatangaza chotara. Lakini sura ya kati ina njia nyingi za kutokea. Fulgida iliyopigwa na ukame au baridi hubadilika rangi, na matunda yake yanaweza kupauka hadi mtu akadhani ni ya njano. Spinosior iliyojeruhiwa inaweza kutoa tunda juu ya tunda mahali pasipo kawaida. Mmea mmoja uliokuwa kwenye kivuli na mwingine uliokuwa juani hutofautiana nundu hata kama ni pingili za mama mmoja. Kinachotakiwa ni sifa kadhaa ambazo hazitegemeani, zote zikielekea kati, kwenye mimea mingi ya mahali hapo. Rangi ya tunda na kina cha vinundu vyake vinaweza kufuatana. Rangi ya tunda na uzito wa ala ya mwiba havina sababu ya kufuatana isipokuwa ukoo.

Ndiyo maana tuliutazama ule mmea pamoja na majirani zake. Haukuwa peke yake. Kwenye mteremko huohuo kulikuwa na kundi zima la vichaka vinavyofanana, vikubwa katikati na vidogo pembeni, na vyote vilikuwa na njano ileile kwenye mnyororo uleule mfupi. Nikapiga magoti kwenye vile vidogo. Mche uliotokana na mbegu huinuka wima kutoka kwenye kikonyo kimoja chembamba. Hivi karibu vyote vilikuwa vimeanzia kwenye pingili iliyolala ubavu, nusu imezikwa na changarawe, mizizi imetoka upande wa chini na machipukizi upande wa juu. Kimoja kilikuwa kimeota kutoka kwenye tunda lililoanguka. Kundi zima, kwa maneno mengine, lilikuwa linatawanyika kwa vipande.

Nyumbani kwetu neno chotara tumelizoea kwa kuku, ng'ombe na mahindi, na mkulima anajua kwamba mbegu ya mahindi chotara ukiipanda tena msimu wa pili hupati uliyoyapata mwanzo. Choya imelikwepa tatizo hilo kwa kutohitaji mbegu. Mmea mmoja tasa, ambao kwa mnyama ungekuwa nyumbu asiye na mtoto, hapa unaweza kujaza kilima.

Utasa wenyewe una hesabu yake. Seti moja ya kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe, katika jenasi hii ni 11, kwa hiyo mmea wa kawaida una 22. Unapotengeneza chavua na yai, kila kimoja hubeba 11, vikikutana vinarudi 22. Mara chache mgawanyo huo unashindikana na yai au chavua hubaki na 22 zote. Ikikutana na 11 kutoka kwa mzazi wa pili, mtoto anapata 33, seti tatu. Huyo atakua, atachanua, atavutia nyuki. Lakini siku ya kutengeneza chavua yake, seti tatu hazigawanyiki kwa jozi, na chembe nyingi zinatoka zikiwa na mgawo wa ovyo, ama zimekufa. Fulgida ina mimea ya 22 na mimea ya 33, ndiyo sababu utasa wake haukunitosha kuwa ushahidi.

Mahali hapa pana historia, na ndiyo iliyonifanya nisitafute mbali. Mwaka 1971 Verne Grant na Karen Grant walichapisha katika jarida la Evolution utafiti juu ya choya zinazoenea kwa vipande hadi kuwa kama spishi ndogondogo za nakala. Choya ya Kelvin ilikuwa ndani yake, wazazi wakiwa fulgida na spinosior, na wao ndio walioipa jina la kitongoji hicho. Leo linaandikwa Cylindropuntia ×kelvinensis. Alama ya × mbele ya sehemu ya pili ya jina inasema kwamba huyu ni chotara aliyepewa jina lake mwenyewe. Mwaka 1987 Marc Baker na Donald Pinkava walirudi kwenye mmea huohuo katika jarida la Brittonia, safari hii wakihesabu kromosomu na kupima maumbo kwa takwimu, na wakaieleza kuwa ni ya seti tatu na huzaliana bila kujamiiana.

Naipenda kazi ya 1987 kwa sababu inaweka pamoja mambo mawili ambayo kila moja peke yake halitoshi. Vipimo vya umbo vinaonyesha mmea umekaa wapi kati ya wazazi. Kromosomu zinaonyesha jinsi ulivyofika hapo. Namna ya kuzihesabu ni ya zamani na ya subira: unachukua kichipukizi cha ua kikiwa bado kidogo, unakitumbukiza kwenye mchanganyiko wa kuua na kuhifadhi chembe, unatoa vifuko vya chavua, unaviponda kwenye kioo pamoja na rangi ya asetokamini, unatafuta chini ya hadubini chembe zilizokamatwa katikati ya mgawanyiko. Kichipukizi kikiwa kimechelewa kidogo, hakuna cha kuhesabu. Kwa anayetaka jibu la haraka kuna kipimo cha chavua iliyokomaa: unaitia rangi ya bluu, chembe hai hunywa rangi, tupu zinabaki maganda. Chavua iliyojaa maganda haithibitishi uchotara, ila inakufungia mlango wa kusema mmea uko kawaida.

Mtu anaweza kusema: basi, mahali ni Kelvin, jina ni kelvinensis, kazi imekwisha. Hapana. Anwani ni ushahidi mmoja tu, na visa vingine vya choya vinaonyesha jinsi neno chotara linavyoweza kubandikwa na kubanduliwa. Katika Bonde la Mason, mashariki mwa Kaunti ya San Diego huko California, kuna choya yenye miiba ya waridi ambayo Carl Wolf aliieleza mwaka 1938 kama spishi, akaipa jina la mtaalamu mwenzake Fosberg. Baadaye ikachukuliwa kuwa chotara: mzazi mmoja bigelovii, mzazi wa pili akabaki wa kutafutwa kati ya majirani. Ina seti tatu na haitoi mbegu za maana, kwa hiyo dhana ilikuwa na mantiki. Watafiti wakaichambua kwa vinasaba, wakauliza swali hilo waziwazi katika kichwa cha makala yao ya 2011, na leo imerudi kuandikwa Cylindropuntia fosbergii, bila alama ya ×. Huko Nevada, karibu na Las Vegas, choya ya Blue Diamond, iliyopewa jina na Clokey mwaka 1943, nayo ilipita njia hiyohiyo: spishi, kisha chotara katika vitabu, kisha spishi tena baada ya kazi ya Baker.

Ukiviangalia visa hivyo pembeni ya chetu, tofauti inaonekana. Bonde la Mason mzazi wa pili hakuonekana kwa uhakika. Kelvin wazazi wote wawili wapo, sifa za mtoto zinagawanyika kati yao kwa namna ambayo unaweza kunyoosha kidole na kusema hii ya mama, hii ya baba: mnyororo na pingili legevu upande wa fulgida, njano na vinundu upande wa spinosior. Na rangi ya tunda haikuwa ya ugonjwa, maana kundi zima lilikuwa nayo, matunda mabichi kwa yaliyozeeka, wakati fulgida za jirani, zilizokula ukame uleule, zilikuwa kijani kitupu.

Kwa nini mtu ajisumbue hivi kwa jina la kichaka cha miiba? Swali hilo nimeulizwa na watu wenye busara. Jibu lililo karibu na Afrika ni hili. Aina moja ya fulgida imevamia malisho Afrika Kusini na Zimbabwe, na hutumika mdudu wa kosinili, Dactylopius tomentosus, kuidhibiti. Mdudu huyo ana makundi ndani ya spishi yake. Kundi lililozoea choya nyingine, Cylindropuntia imbricata, halikuiweza fulgida. Kundi jingine, lililotokana na choya ya Mexico, liliishambulia vikali. Kwa macho ya mfugaji zote ni choya. Kwa mdudu, jina likikosewa, ni njaa. Chotara wanaleta utata zaidi hapo, kwa kuwa hawajaahidi kufuata ladha ya mzazi yeyote.

Neno juu ya kuchukua sampuli, kwa sababu kijana alitaka kuondoka na tawi akalipande uwanjani kwake. Arizona ina sheria ya mimea ya asili na madungusi yamo ndani yake; kung'oa au kuhamisha kunahitaji kibali cha idara ya kilimo ya jimbo, na ardhi yenyewe nayo ina mwenyewe. Tulifanya yanayofanyika bila kubeba mmea: picha ya kichaka kizima, ya pingili ya mwaka jana ikiwa na rula pembeni, ya tunda likiwa kwenye mnyororo na likiwa limekatwa, ya shina chini, pamoja na vipimo vya mahali na mwinuko. Na picha za wazazi wote wawili kwa utaratibu uleule, jambo ambalo karibu kila anayetuma picha husahau. Hebaria zenyewe, yaani makusanyo ya mimea iliyokaushwa, zina upungufu wa madungusi, na ukijaribu kuandaa sampuli moja utaelewa: lazima tawi lipasuliwe kwa urefu, nyama ikwanguliwe, kisha ngozi ikaushwe kwa moto upesi, la sivyo linaoza au, baya zaidi, linaendelea kuchipua ndani ya karatasi.

Nilichoandika kwenye daftari ni Cylindropuntia ×kelvinensis, chotara wa fulgida na spinosior, kundi la nakala linaloenea kwa pingili na matunda, wazazi wote wapo jirani. Mbele ya idadi ya kromosomu nimeacha nafasi. Vichipukizi vya maua hupatikana kuanzia Aprili, na mwenye kibali na hadubini atakayepita barabara hiyo wakati huo anaweza kuijaza. Kijana amekubali kumwonyesha njia, kwa sharti kwamba kiatu kiwe cha huyo mgeni.